Wasifu wa Marehemu: Uhakiki wa Fani Moja ya Msibani

Wasomaji wa kurasa hizi wamezoea kuona tenzi, riwaya na tamthilia zikichambuliwa. Leo naomba ruhusa kuchambua utungo ambao haupigwi chapa katika kitabu, wala mtungaji wake hatajwi, wala hausomwi zaidi ya mara moja. Nao ni wasifu wa marehemu, yaani zile karatasi moja au mbili zisomwazo mbele ya jeneza kabla ya maiti kuchukuliwa makaburini. Mtu asiyepata kufungua kitabu tangu alipotoka shule ameusikia utungo huu mara nyingi, na siku moja atasomewa wa kwake asiusikie. Ikiwa fasihi ni maneno yaliyopangwa ili yaguse mioyo ya watu waliokusanyika, basi sioni sababu ya kuuacha nje wasifu huu, nasi tukaingiza ndani mashairi ambayo hakuna ayasomaye ila sisi wenyewe.

Nitautazama mahali pamoja, pasiwe na maneno ya juu juu. Mahali penyewe ni Igowole, mji mdogo wa biashara katika Wilaya ya Mufindi, Mkoa wa Iringa. Nchi ile ya baridi na ukungu ni ya Wahehe tangu zamani. Lakini mashamba ya chai, msitu wa kupandwa wa Sao Hill na kiwanda cha karatasi cha Mgololo, kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, vimewavuta Mufindi watu wa makabila mengi: Wabena wa Njombe, Wakinga wa Makete, Wanyakyusa wa Rungwe na wengineo. Kwa hiyo mtaa katika mji kama huu si ukoo. Jirani wa kuume aweza kuwa Mlutheri, wa kushoto Mkatoliki, na mwenye duka la ng'ambo ya njia Mwislamu. Siku za kazi kila mtu hushika njia yake. Siku ya msiba wote hukaa chini ya turubai moja, na lugha waijuayo wote ni Kiswahili. Hapo ndipo wasifu unapopata kazi yake, maana ndio unaowaeleza majirani wa makabila mbalimbali kwamba huyu wanayemzika alikuwa nani.

Umbo lake halibadiliki sana, awe marehemu ni Mkatoliki au Mlutheri, mkulima au mwalimu. Huanza na kuzaliwa: tarehe, kijiji, na nafasi yake kati ya ndugu zake, kwamba alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee fulani na Bibi fulani. Hufuata ubatizo na kipaimara, kisha elimu, kisha kazi alizofanya. Ndoa hutajwa pamoja na mwaka wake, na watoto kwa idadi yao. Halafu huja maradhi: alianza kusumbuliwa lini, akapelekwa zahanati gani, akahamishiwa hospitali gani, hadi umauti ulipomfika. Baadaye familia huwashukuru waganga na wauguzi, jumuiya ndogo ndogo, kwaya, mwajiri na majirani. Mwisho kabisa hunenwa yale maneno ya Ayubu juu ya Bwana atoaye na atwaaye, na watu wote huitikia kwa Amina. Kwa Waislamu msomo kama huu si sehemu ya sala ya jeneza. Lakini wao nao huuliza mbele ya watu kama kuna anayemdai marehemu, na ndugu hujitwika deni. Desturi hiyo ya kuuliza habari za deni imeenea misibani hata kwa Wakristo.

Tuchukue sasa wasifu mmoja wa mfano, ambao nautunga mwenyewe ili nisimguse mtu, tuuangalie kwa jicho la mhakiki wa lugha. Alizaliwa Makete. Alibatizwa. Alisoma hadi darasa la saba. Alifanya kazi katika mashamba ya chai. Alihamia Igowole, akafungua biashara ya mbao. Alioa. Katika sentensi hizi zote marehemu ndiye mtenda, isipokuwa penye kuzaliwa na penye ubatizo, na hata penye ubatizo twafahamu kwamba alipokea kwa hiari yake au ya wazazi wake. Lakini tufikapo penye maradhi, sarufi hugeuka. Alisumbuliwa na kifua. Alilazwa. Alihamishwa. Umauti ulimfika. Mtu aliyekuwa akitenda sasa anatendwa. Akawa kitu kinachochukuliwa kutoka kitanda hadi kitanda. Hakuna mwandishi wa wasifu aliyekaa akapanga jambo hili. Lugha yenyewe imelipanga, na wasikilizaji hulihisi ingawa hawalitaji.

Kisha huja neno moja ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote: ameacha. Ameacha mjane na watoto wanne. Mpaka hapo kila kitendo kilikuwa cha wakati uliopita, kimekwisha. Hapa kwa mara ya kwanza msomaji hutumia wakati timilifu, ambao kazi yake katika Kiswahili ni kuonyesha kwamba tendo limekwisha lakini hali yake ingalipo. Tena marehemu amerudi kuwa mtenda: yeye ndiye aliyeacha. Aliyepata kumwona msomaji wa wasifu akikatika sauti ataungana nami kwamba mara nyingi sauti hukatika hapo hapo, wala si penye neno umauti. Umauti ni habari ya jana. Kuacha ni habari ya leo na ya kesho, nao walioachwa wameketi mkekani mbele ya macho ya watu.

Basi fani hii ina nguvu yake, na sitaki nidhaniwe kuwa naidharau. Lakini mhakiki hapimi utungo kwa yale unayosema tu. Hupima pia yale unayonyamazia. Hapa ndipo penye shauri langu na fani hii, na katika Mufindi jambo hili si la mchezo.

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walitambuliwa Tanzania mwaka 1983, huko Kagera. Uchunguzi wa kitaifa wa 2007–08 ulionyesha kwamba Mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulikuwa bado na Njombe ndani yake, ndio ulioongoza nchi nzima: watu 15.7 katika kila mia, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walikuwa na virusi, ilhali wastani wa nchi ulikuwa 5.7. Hata uchunguzi wa 2016–17 ulikuta Iringa na Njombe bado zimepita 11 kwa mia. Kabla dawa za kupunguza makali hazijaanza kutolewa bure na serikali, kazi iliyoanza mwaka 2004, maana ya hesabu hizo ilikuwa makaburi. Je, wasifu wa miaka ile ulisema nini? Ulisema aliugua kwa muda mrefu. Ulitaja kifua, ulitaja malaria, ulitaja tumbo. Ugonjwa wenyewe haukutajwa.

Watu wengine watasema kwamba huo ulikuwa uongo. Mimi siamini kwamba neno hilo latosha. Uongo humdanganya mtu, na watu wazima waliokaa chini ya turubai hawakudanganyika. Waliposikia kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu walijua la kujua. Maneno hayo yalikuwa stara. Yalimfunika maiti, na zaidi ya maiti yalimfunika mjane, ambaye baada ya watu kutawanyika ilimbidi aende sokoni kuuza mboga kwa watu wale wale. Mwenye kulaumu stara hiyo na akumbuke jinsi wagonjwa wa wakati ule walivyonyanyapaliwa hata na jamaa zao.

Hata hivyo, palikuwa na wasikilizaji ambao stara haikuwasaidia, nao ni watoto. Mtoto wa miaka 10 hajui kusoma kilichofichwa katika kauli ya watu wazima. Husikia kwamba baba aliugua kwa muda mrefu, na mwaka wa pili husikia maneno yale yale juu ya mama, na hakuna amwambiaye kwamba maneno hayo mawili ni jambo moja. Tamthilia ya Kilio Chetu, ambayo imesomwa na wanafunzi wengi wa sekondari nchini, iliushika mwiba huu: kwamba kimya cha wazazi, hata kikitokana na haya njema, huwaacha watoto gizani. Naye William Mkufya, katika riwaya yake Ua la Faraja ya mwaka 2004, aliutaja ugonjwa huo kinaga ubaga na kuuliza maswali ya imani ambayo msibani hayaulizwi. Fasihi iliyopigwa chapa ilisema. Fani ya msibani, iliyo karibu zaidi na kaburi, ilikaa kimya.

Ziko na stara nyingine. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa aweza kusimama nyuma ya watu wote akisikiliza hesabu ya watoto wa marehemu, na hesabu ikapita bila yeye. Mwanamke aliyeishi na marehemu miaka mingi bila ya cheti aweza kusikia jina la mwingine peke yake. Sentensi moja iliyorukwa ni kama mlango uliofungwa, kwa maana watu wa mtaa hushika yale yaliyosomwa mbele ya jeneza, na siku ya kugawa mali huyakumbuka. Kwa hiyo wasifu si kumbukumbu ya kupita tu. Ndio unaosema mbele ya mashahidi nani ni wa nyumba hii na nani si wa nyumba hii.

Sasa nigusie imani, maana ndiyo inayofunga kila wasifu. Yale maneno ya Ayubu husomwa kana kwamba ndiyo mwisho wa habari zake. Sivyo. Yamo katika sura ya kwanza, na kitabu kina sura 42. Ayubu ayasema siku ile ile aliyopotewa na mali yake na watoto wake kumi. Baada ya hapo rafiki zake watatu wanakuja, wanakaa naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno. Hao kwa hakika walijua kukaa matanga. Halafu, katika sura ya tatu, Ayubu afungua kinywa chake na kuilaani siku aliyozaliwa. Anashindana, anauliza, anamdai Mungu jibu, sura baada ya sura. Rafiki zake, ambao walikuwa wema walipokuwa kimya, wanamkemea kwa maneno mazuri ya dini. Na mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia wao, akisema kwamba hawakunena yaliyo sawa kama alivyonena mtumishi wake Ayubu.

Nasema basi kwamba wasifu wetu wamsoma Ayubu nusu. Wachukua utii wake, waacha kilio chake, na kwa kufanya hivyo waifanya imani ionekane kama amri ya kunyamaza. Mjane akilia kwa sauti wakati wa neno la mwisho, huambiwa na wazee wa kanisa ajikaze, amshukuru Mungu. Lakini kama Ayubu angejikaza tangu sura ya kwanza, kitabu chake kingekuwa cha kurasa mbili, na waliofiwa wa dunia nzima wangekosa mwenzao.

Kile kilio kilichoachwa kimekwenda wapi? Hakikufa. Kimehamia uani. Wakati mwanamume aliyevaa koti akisoma Kiswahili chini ya turubai, ndani ya nyumba wamo akina mama wazee wanaoomboleza kwa Kihehe, kwa Kibena au kwa Kikinga. Wao hawamtaji marehemu kwa nafsi ya tatu. Humwita. Humwuliza ameondokaje bila kuaga, atawaachia nani watoto hawa, na huko aendako awasalimu nani. Humpa ujumbe awapelekee waliotangulia. Mwenye elimu ya dini aweza kuona humo masalio ya ibada ya masoka, yaani mizimu ya Wahehe; mimi naona humo kwanza nafsi ya pili, ambayo wasifu hauna.

Maombolezo ya nyanda hizi yalikwisha kuandikwa na wataalamu. Godfrey Wilson, aliyekaa na Wanyakyusa katika miaka ya 1930, alitoa mwaka 1939 makala juu ya desturi zao za mazishi, akieleza jinsi wanawake walivyolia na wanaume walivyocheza ngoma ya vita penye msiba; na Monica Wilson akaendeleza habari hizo katika kitabu chake cha 1957 juu ya mila za ukoo. Wamoravia na Waberlin walikuwa wamefika Unyakyusa tangu 1891, na Wabenedikto walikuwa Tosamaganga, karibu na Iringa, kabla ya karne ile kwisha. Dini ilileta nyimbo mahali pa ngoma, na sala mahali pa tambiko. Sisemi kwamba ilikosea. Nasema kwamba pamoja na ngoma iliondolewa barazani ile ruhusa ya kumkabili maiti uso kwa uso na kumwambia kwamba ametuumiza.

Wala asiseme mtu kwamba Kiswahili ni lugha ya ofisi, haiwezi kilio. Shaaban Robert alimfiwa na mkewe Amina, naye akamwandikia shairi ambalo tunalo katika Maisha Yangu. Alikuwa Mwislamu mwenye kukubali hukumu ya Mungu, na shairi lile halina uasi. Lakini amsemesha Amina mwenyewe, kwa nafsi ya pili, kana kwamba amsikia. Naye mwenye kusema ni mimi, wala si familia ya marehemu. Imani na uchungu vimekaa katika ubeti mmoja, na hakuna kilichomfukuza mwenzake. Na hicho ni Kiswahili kile kile kitumiwacho katika wasifu. Kwa hiyo kasoro tunayoizungumza haimo katika lugha. Imo katika mazoea ya fani.

Labda nitaulizwa: je, si afadhali wasifu ufutwe, watu walie kwa lugha zao? Kwa ukoo wa kijijini shauri hilo lingefaa. Kwa mtaa wa Igowole halifai, na sababu yake ni kaburi lenyewe. Mkinga aliyefia Igowole ana njia mbili: ama ndugu zake wakodi gari wampeleke Makete akalale na baba zake, ama azikwe pale alipoishi. Watu wa Uhehe hawahitaji kufundishwa uzito wa jambo hili. Mtwa Mkwawa alijiua tarehe 19 Julai 1898, Wajerumani wakakichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919 ulidai kirudishwe, na hata hivyo fuvu halikufika Kalenga mpaka Juni 1954, lilipoletwa na Gavana Twining. Kwa miaka 56 msiba ule haukuwa umekwisha, kwa kuwa aliyefiwa hakupata pa kulilia. Kuzikwa mahali ni kuwa wa mahali.

Basi yule Mkinga anapozikwa Igowole, walio wengi kando ya kaburi hawakifahamu Kikinga. Wakiachiwa maombolezo ya uani peke yake, watakuwa wageni katika msiba wa jirani yao. Wasifu wa Kiswahili ndio unaowapa haki ya kufiwa. Ukisema kwamba alizaliwa Makete, akahamia hapa, akafanya biashara ya mbao, akaimba kwaya pamoja nasi, umemwandika katika daftari la mji, na mji umepata mtu wake. Wanaokwenda kufukia kaburi si ukoo, ni mtaa. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na fani nyingine yoyote tuliyo nayo, na ndiyo sababu nautetea wasifu hata ninapoulaumu.

Ninachotaka ni kidogo. Mwandishi wa wasifu, ambaye aghalabu ni mtoto au mpwa aliyesoma, aliyepewa kalamu usiku wa manane jikoni, na awaulize wale mama wa uani wamesema nini katika kilio chao, aweke sentensi moja ya hayo kwa Kiswahili. Na atoke kwenye nafsi ya tatu walau mara moja, amwambie marehemu jambo. Ahesabu watoto wote. Ugonjwa, ikiwa familia imeridhia, na utajwe kwa jina lake. Leo, ambapo mwenye virusi akitumia dawa huishi na kulea watoto wake, kuutaja hakuna tena hukumu iliyokuwamo zamani, na huenda kijana mmoja kati ya wasikilizaji akaenda kupima. Ikiwa hawakuridhia, stara na ibaki, lakini watoto waambiwe nyumbani. Kisha yale maneno ya Ayubu yasomwe, kwa maana ni maneno makubwa. Ila yasomwe na watu waliokwisha kulia, wala yasitumiwe kuwazuia kulia.

Wanafunzi wa fasihi watakaosoma makala haya wengi wao watapewa kalamu hiyo siku moja, maana msomi wa ukoo ndiye anayeitwa. Hapo hawatakuwa na muda wa kutafuta vitabu. Turubai litakuwa limekwisha kufungwa, na watu wakingoja.